Jina Ndani ya Ruta

Jumamosi, katika jengo la maduka ya kompyuta pale Surabaya, watu walibanana hadi jasho likachanganyika. Ratri, fundi mitandao wa hospitali, alinyoosha mkono achukue waya wa samawati, ule wa kuingilia kwenye ruta, kisanduku kinachogawa mtandao. Ulikuwa umebaki mmoja. Mkono mwingine ukaudaka.

"Achia, kaka. Nimeuona kwanza."

"Umeuona, mimi nimeushika. Hospitali gani hiyo inanunua waya rejareja kama kitunguu?" Alikuwa amesoma kitambulisho shingoni mwa Ratri.

"Ile itakayokudunga sindano usipoachia."

Jamaa akacheka. Shati la batiki la kahawia, meno meupe, jina lake Pras, naye fundi mitandao. Akaachia, kwa sharti wale bakuli moja la bakso, supu ya vidonge vya nyama. Wakala mawili.

Kabla mvua hazijarudi, Ratri alikuwa akimwita Mas Pras, yaani kaka Pras, kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia.

Asubuhi moja wodi ya watoto ikakosa mtandao. Ratri akahangaika, mwisho akapiga simu.

"Mas, nimekwama."

"Nitumie faili la mipangilio ya ruta, malaika, nikutazamie."

Faili kama hilo, kabla halijatoka mlangoni, fundi hufuta mistari ya nywila. Ratri hakuifuta. Ruta ilikuwa imeivuruga nywila ikawa tarakimu tupu, ingawa mafundi wote wanajua uvurugaji ule ni pazia tu: ukitaka, unalifunua hapohapo. Naye alijua. Lakini huyu alikuwa Pras.

Simu ikalia. "Mstari wa lango la wodi una namba mbovu. Rekebisha, uhifadhi." Kisha Pras akauliza, "Galih ni nani?"

Ratri akaikumbuka ile mistari ya nywila.

"Mas, tuliachana zamani. Nywila niliiweka wakati ule. Iko kwenye mitambo yote ya jengo. Ukikosea katikati ya kubadilisha, unajifungia nje."

"Kwa hiyo kila asubuhi unaandika 'Galih wangu', halafu unanipigia kuniambia unanipenda?"

"Vidole tu vinaandika! Na wewe nani kakutuma uifungue? Nilikupa utazame njia."

Pras akakata simu.

Ratri akamwambia mkuu wake kwamba nywila imeonwa na mtu wa nje. Akakaripiwa mbele ya wenzake. Akapanda ghorofa moja baada ya nyingine, akabadilisha mtambo kwa mtambo, sasa kwa ufungaji usiofunuka, nakala za faili akazifungia mahali salama. Alifanya huku akifuta machozi kwa mtandio.

Kisha Pras akaja getini mwa hospitali, batiki ileile, pete mkononi.

"Nisamehe, malaika. Wivu ulinipanda kichwani. Mama yangu yuko tayari kuja kwenu."

Ratri akanyoosha kidole avishwe.

"Umebadilisha?" Pras akauliza.

"Zote, Mas."

"Umeweka jina langu?"

Ratri akacheka, akidhani anataniwa. Mwenzake hakucheka.

"Nionyeshe faili basi, roho itulie."

"Hata ukiliona, safari hii halifunguki."

"Sasa nitajuaje?"

Ratri akarudisha mkono taratibu. "Hutajua, Mas. Na utaniuliza mpaka tuzeeke."

Akapanda juu. Nywila mpya ilikuwa herufi zisizo na jina la mtu. Vidole vikakosea, mtambo ukamkataa. Akaanza tena, herufi moja moja, kope zikivuja wanja. Chini getini pikipiki ya Pras ikawashwa, ikaondoka.