Chatu Aliyekosa Pa Kujificha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, na kila asubuhi alifagia huku akiongea. Jina hilo alipachikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizo mdomo huo ulikuwa na habari moja tu, nayo ni ya nyoka.

"Mama, wapo wasio na sumu. Wapo wapole kuliko paka."

"Paka hamezi panya mzima mzima," mama alijibu, akiwa amebana pini kwa meno. "Hebu sogea, unanizibia mwanga."

Lakini bandu bandu huisha gogo. Mama alichoka kubishana, akakubali kwa sharti moja: nyoka atoke kwa mtu anayejua kazi yake, wala si kuokotwa kichakani.

Jumamosi wakaenda kwa Bi Magamba, mama mnene mwenye cheko la kutikisa bati, aliyefuga nyoka kwa kibali katika banda la nyuma ya nyumba yake. Macho ya Chiriku yalimganda nyoka mmoja mrefu wa kijani aliyekuwa akipanda na kushuka tawini.

"Shangazi, nataka huyo!"

"Huyo ana mbio na hasira zake ziko karibu. Hata mimi hunipeleka puta," alisema Bi Magamba. Akatoa chatu mdogo wa kahawia mwenye mabaka, ambaye papo hapo alijikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. "Anayeanza achague mpole. Tena uzuri wa nyoka usiutafute kwenye ngozi, utafute kwenye kula."

Akachukua koleo ndefu, akamsogezea chatu panya aliyekwisha kufa. Chatu alimkamata, akameza taratibu. Mama alitazama dari mpaka shughuli ilipokwisha.

Hata hivyo hawakurudi na nyoka siku ile. "Nyumba kwanza, mgeni baadaye," Bi Magamba alisema, akawaeleza kila kitu. Chiriku akarudi nyumbani akafanya kazi kama mchwa. Alisafisha sanduku la kioo lililowahi kuwa la samaki, akalitafutia kifuniko cha wavu chenye vibanio. Upande mmoja, chini yake, akaweka mkeka mdogo wa umeme wa kutia joto, na upande wa pili akauacha uwe baridi. Akaweka kipimajoto, bakuli la maji, na vyungu viwili vilivyovunjika, kimoja kila upande, ili chatu ajifiche bila kulazimika kuchagua kati ya joto na usalama.

Bi Magamba alikuja kukagua, akavutavuta vibanio, akaridhika. Alipomkabidhi chatu alimwambia, "Mbwa akiumwa atalia. Nyoka hana sauti. Nitakupigia simu kila Jumamosi, na utaniambia lililopo, zuri au baya."

"Nitasema, shangazi. Kusema ndiyo kazi yangu!"

Mambo yakaharibika pale wanafunzi wenzake walipokuja kumwona chatu. Walikodoa macho, wakaona vyungu viwili na bakuli la maji tu.

"Nyoka gani huyu? Wa kusimuliwa?" mmoja alitania, na wengine wakaangua kicheko.

Chiriku alipandwa na aibu. Walipoondoka akavitoa vyungu vyote viwili, akavisukuma chini ya kitanda. Kesho yake wenzake walimwona chatu waziwazi, wakapiga kelele za furaha, na Chiriku akajisikia mtu mkubwa.

Ila siku ya kula ilipofika, chatu aligeuza uso. Chiriku alijaribu tena siku nyingine, chatu akajikunja pembeni. Jumamosi simu ya mama ikalia.

"Anakula?" Bi Magamba aliuliza.

Chiriku akawaza. Akisema ukweli, si atanyang'anywa? "Anakula, shangazi," alisema. Wiki iliyofuata akasema hivyohivyo, na safari hii uongo ulitoka kwa urahisi zaidi. Jambo hilo lilimtisha.

Asubuhi moja akamkuta chatu akisugua pua kwenye kioo, huku na huku, kama anayetafuta mlango. Pua ilikuwa imechubuka na kuwa nyekundu. Chiriku alichukua ufagio, akafagia chini ya cherehani bila kusema neno.

Mama akasimamisha cherehani. "Chiriku amenyamaza? Leo jua limechomozea wapi?"

Ndipo machozi yakamtoka. Akaeleza yote, vyungu, wenzake, na majibu yake kwenye simu. "Atakufa, mama. Na mimi nilisema anakula."

Mama akampa simu. "Uliodanganya ni mdomo wako. Mwenyewe urekebishe."

Chiriku alipiga simu, akasema ukweli wote. Bi Magamba alifika kabla chai haijapoa. Hakucheka. Alimshika chatu kwa upole, akampapasa mgongo, akampaka dawa puani.

"Amepungua, lakini yuko salama. Ungeendelea kunificha, tusingeongea hivi. Vile vyungu viko wapi?"

"Chini ya kitanda, shangazi."

"Virudishe. Huyu akiona macho pande zote hudhani ni adui, na mwenye hofu hali."

"Hata mimi mteja akinisimamia siwezi kumeza tonge," mama alisema. Mwanamke yuleyule aliyekuwa akitazama dari akachukua kitambaa cheusi, akakikata na kushona pazia la kufunika pande tatu za sanduku. Kisha wakamwacha chatu apumzike siku kadhaa bila kuguswa.

Siku hizo zilipopita, jioni moja Bi Magamba aliporudi, Chiriku alisogeza panya kwa koleo hadi mdomoni mwa chungu cha upande wa joto. Wakasubiri. Ghafla panya akavutwa gizani. Chiriku alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Utamchukua, shangazi?" alinong'ona.

"Ningemchukua kutoka kwa aliyeendelea kudanganya. Wewe umesema, japo umechelewa." Bi Magamba aliinama wakatazamana. "Sikiliza, mwanangu. Kila mfugaji hukosea. Lakini kiumbe asiye na sauti hutegemea ukweli wa anayemfuga. Ukidanganya wewe, basi yeye hana wa kumsemea."

Wiki iliyofuata wenzake walikuja tena, wakachungulia chini ya pazia.

"Mbona hatumwoni?"

"Yumo ndani, ameshiba, amelala," Chiriku alijibu. "Kaeni, nitawasimulia alivyo."

Na akasimulia, mpaka mama akaomba apewe nafasi ya kushona.