Mama Tulimzika Jumamosi, Jumatatu Akamuuliza Kaka Yangu Swali la Kanisa la London

Mama yangu tulimzika Jumamosi.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, sauti yake ilimfikia kaka yangu huko Uingereza ikimuuliza swali la mtihani.

Na aliyeituma ni mimi!

Kwa kidole hiki hiki ninachoandikia hapa. Najua mtanitukana. Ila someni mpaka chini kwanza.

Naitwa Viviane, naishi Kikula, hapa Likasi. Kaka yangu Barthélemy, sisi twamwita Barthé, yuko Leeds mwaka wa nane huu. Kazi anayo, karatasi za kukaa anazo. Kilichobaki ni uraia, na uraia wa kule una mtihani. Maswali ishirini na manne, upate kumi na manane. Ukikosa, rudi ukasome.

Wafalme wao Barthé aliwashika. Vita vyao akavishika. Kilichomtoa jasho ni wachoraji na majengo! Nani alichora nini, nani alijenga lipi... Mara ya kwanza alianguka kwa ajili ya hao hao.

Akamkimbilia Mama.

Mama Gertrude alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Kama ulisomea Kikula, huenda sikio lako linamkumbuka. Barthé alimtumia maswali kwa Kifaransa, na kila asubuhi ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, Mama alichukua simu yangu, maana yake ya vitufe hairekodi, akamrekodia moja kwa Kiswahili chetu cha Likasi, ambacho "ndio" ni "njo" na "kuja" ni "kuya".

"Barthé! Kanisa Saint Paul ya London, ile ya zamani iliungua na moto, mwaka 1666. Nani alijenga mupya? Wren! Christopher Wren. Andika mara kumi!"

"Oui, maîtresse!" anajibu Barthé, kama mtoto anayemwitikia mwalimu wake, mtu mzima wa miaka arobaini, yuko ndani ya basi la kwenda kazini.

"Turner njo ule wa mwangaza na ukungu. Constable njo wa mashamba. Ukibachanganya, nitakuya kukuvuta sikio kule kule!"

Tulikuwa tunacheka sana. Ilikuwa furaha ya nyumba nzima.

Mwezi wa tatu mguu ulimlaza Mama siku nne. Kwa kuwa mwalimu hapendi mwanafunzi akae bure, akarekodi sauti kumi na tisa mfululizo, za akiba.

"Vivi, chunga hizi. Siku nitagonjwa, utamutumia moja kila siku ya kazi. Usimupe yote mara moja, atatapika."

Alipona. Zile za akiba hazikutumika.

Mwezi wa saba, Jumatano, presha ilimwangusha uani. Hospitali hatukufika.

Nilikuwa bado nalia, mkono uko kwenye simu nimpigie Barthé, nikasikia simu inanyofolewa.

Alikuwa Tonton Guy, mdogo wake Mama. Kwetu mjomba akishasema, imesemwa.

"Muntu asimwambie Barthé!"

"Tonton! Ni mama yake!"

"Test yake iko Ijumaa ile inakuya. Akiyua leo, atafeli. Miaka munane ya mutoto itaenda bure."

"Na kuzika je?"

"Atakuya kulia akiwa na passeport yake mu mukono. Mama yake njo alitaka bile."

Akachukua beseni la kufulia, akapita nalo kati ya watu wa kilio. Simu zote ndani! Hakuna foto, hakuna status. Watu walinung'unika lakini walitia. Yangu aliitia ya kwanza... Sikupiga kelele. 

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Tonton Guy aliinama, akachota, akasema kwa sauti, "Huu ni wa Barthélemy." Ukagonga sanduku.

Nikajua tumemwibia mtu.

Jumapili Tonton akanirudishia simu.

"Ile masauti ya Mama, endelea kumutumia. Amekosa siku mbili tayari; ukisimamisha zaidi, atashituka."

"Tonton, mimi siwezi..."

"Utaweza."

Basi Jumatatu nikatuma ya kwanza, ile ya kanisa la Saint Paul tena. Dakika kumi baadaye nikamwandikia Barthé kwamba Mama hajambo ila simu yake imeharibika, asimpigie. Uongo una watoto wengi, jamani. Ukizaa mmoja, wengine wanafuata wenyewe.

Akajibu neno moja tu. "Wren."

Shida ni kwamba kabla ya kutuma ilinibidi nisikilize, nijue ni ipi.

Kwa hiyo kila asubuhi Mama alikuwa anasema ndani ya nyumba!

Mama mdogo alikuwa uani anapeta mchele siku ya pili. Aliposikia "Barthé! Unalala?" kutoka dirishani, ungo ulimponyoka. Alikimbia bila viatu mpaka barabarani. Hakurudi kulala kwetu tena.

Mimi sikuwa na pa kukimbilia.

Siku ya nne Mama alikuwa anaeleza habari za mtu mmoja aliyetengeneza bustani za matajiri, bustani iliyopangwa yote lakini ukiitazama unadhani imejiotea yenyewe. Katikati akakohoa.

"Vivi, lete mayi."

Nikainuka.

Nikaenda kwenye ndoo, nikachota, nikarudi na kikombe. Nilikuwa nimefika mlangoni mwa chumba chake, godoro limekunjwa juu ya kitanda, ndipo nikakumbuka. Nilikaa pale chini mpaka saa sita, na kikombe nimekishika. Niliogopa kukiweka.

Ijumaa ikafika. Mtihani.

Mchana simu ikalia. Ujumbe wa Barthé.

"Nimefeli. Wachoraji tena. Mwambie Mama aendelee."

Mungu wangu! Nikamfuata Tonton Guy.

"Tumwambie sasa!"

"Sasa njo hapana kabisa. Ameanguka, umuongezee na kifo? Atarudia. Ngoja."

Nikangoja. Nikatuma. Gainsborough na picha zake za watu. Henry Moore na sanamu zake. Hockney. Wiki mbili baadaye Barthé akarudia mtihani.

"Nimefeli tena. Usisimamishe, Vivi."

Nilikonda. Dukani watu waliniuliza kama naumwa. Hesabu ya zile sauti ilikuwa inanila kichwani, zimebaki nne, zimebaki tatu... na yeye anaanguka tu! Nilianza hata kumchukia. Mtu gani hashiki majina ishirini?

Alhamisi moja ikabaki ya mwisho. Ya kumi na tisa.

Mama hakupaza sauti kwenye hiyo. Aliisema polepole, kama vile alichoka.

"Barthé, nani alijenga Cenotaph ya London? Lutyens. Edwin Lutyens. Cenotaph ni kaburi bure, hamuna muntu ndani. Batoto babo balikufia mbali, ku vita, babingi balizikwa kule kule. Sasa banaenda kubalilia pale. Hii usiisahau, mon fils, mwana wangu."

Nikaituma nikilia.

Barthé hakujibu. Siku moja. Siku ya pili. Siku ya tatu, Jumapili mchana, akapiga simu ya picha.

Ndevu zimemjaa. Macho mekundu.

"Vivi, uko peke yako?"

"Ndiyo, yaya," nikamjibu, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya.

"Hauko na ingine?"

"Ingine gani?"

"Sauti ya Mama. Njo imeisha?"

Machozi yakanitoka.

"Usilie," akasema. "Nilisha kuyua. Tangu ile Jumatatu ya kwanza."

"Nani alikuambia?!"

"Mvua."

"Mvua gani, yaya?"

"Ile mu sauti! Inapiga mabati mpaka Mama anapaza sauti. Vivi, mwezi wa saba! Weye ulishaona mvua mu Likasi mwezi wa saba?"

Nikashika kichwa.

Huku kwetu ikifika mwezi wa tano mbingu zinafungwa mpaka mwezi wa tisa ukaribie kwisha. Hata mtoto anajua. Nilizisikiliza zile sauti asubuhi kumi na tisa, mvua ya mwezi wa tatu inamwagika masikioni mwangu, na mimi namsikia Mama peke yake!

"Nikapiga simu yake. Haipite. Mama akiwa muzima, angerekodi mupya. Nikaelewa."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, ungesimamisha kutuma."



"Yaya... njo maana ulifeli? Ni sababu ya huzuni?"

Akageuza simu, akanionyesha kompyuta yake. Barua pepe. Nilisoma tarehe mara mbili. Ilikuwa ile Ijumaa ya kwanza, siku sita baada ya mazishi.

Alipita!

Alipita siku ile ile! Ule wa wiki mbili baadaye hakuwahi hata kuufanya.

"Nilikudanganya," akasema. "Mutu akipita, mwalimu anaacha kumufundisha. Minye nilitaka Mama aendelee kuniuliza."

Tulilia sote wawili, simu imeegemea chupa ya mafuta. Akaniambia jana yake alipanda basi mpaka London, zaidi ya saa nne, na udongo ndani ya mfuko, wa chungu chake cha maua. Akasimama mbele ya lile jiwe la Lutyens, magari yanapita huku na huku, akautupa. Mama mmoja mzungu akamuuliza kama yuko sawa.

Halafu akaniuliza kile nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote.

"Ku kaburi, nani alitupa udongo wa kwanza?"

"Tonton Guy. Kwa jina lako."

Akailaza simu, nikaona dari lake tu. 

"Sikumutuma," akasema.

Akakata.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Mimi ananijibu, kwa maandishi. Tonton Guy hampokelei mpaka leo, na Tonton anazunguka mitaani akisema mtoto wa dada yake amelewa Uzungu.

Ndugu zangu, nyumba nyingi zinafanya tulivyofanya. "Asiambiwe, yuko safarini." "Asiambiwe, ana mtihani." Tunaona huruma, kumbe tunaiba. Mtihani, Barthé angeurudia hata mara kumi. Mama hazikwi mara mbili.

Mwenye msiba mwambieni. Mwambieni siku hiyo hiyo.