Vitanda Vitupu vya Ungwame

Zama zile Ungwame ilipokuwa mji wa ukuta na siwa, baragumu la pembe za ndovu, jeshi la wafugaji wa bara liliuzingira siku nyingi. Wakuu wa mji waliwaza visima. Shekuwe, fundi wa chokaa, aliwaza kitanda.

Binti yake wa pekee, Mwana Esha, alikuwa ameugua ndui hata akakatiwa tamaa, naye Shekuwe akaweka nadhiri: akipona, atachora kwenye ukuta wa ziara, kaburi tukufu la Sharifu wa mji. Desturi yao ilikuwa kutochora sura ya aliyepona. Walichora kitanda chake kitupu, kwa kuwa mwenyewe ameinuka. Mtoto akainuka, akaomba uji, na baba mtu akalia mbele ya majirani bila haya. Lakini nadhiri isiyotimizwa kwa siku arubaini huyarudisha maradhi, na zilisalia mbili. Ziara nayo ilikuwa nje ya ukuta, penye kambi ya adui.

"Baba, usiende," Mwana Esha alimsihi.

"Muungwana ni kitendo, mwanangu. Kunywa uji wako."

Asubuhi akatoka kwa lango dogo na bakuli la masizi, hana hata jambia. Alikuwa amebakisha mguu mmoja wa kitanda mkuki ulipomgusa shingoni.

"Niache nimalize," alisema bila kugeuka. "Kitanda cha miguu mitatu ni shukrani gani?"

Mwenye mkuki alikuwa Guyo, jemadari wa wafugaji, aliyekijua Kiswahili cha sokoni. Aliuliza maana ya vitanda vile, akaelezwa.

"Mchoree na mke wangu, nikuachie roho yako."

"Ameinuka?"

"Sijui. Nilimwacha hajiwezi."

Roho ni tamu, lakini Shekuwe akatikisa kichwa. "Basi siwezi, bwana. Hapa hushukuriwa yaliyokwisha kuwa. Nenda kamtazame mkeo."

Guyo akauondoa mkuki, Shekuwe akaumaliza mguu wa nne. Siku ya tatu kambi ikavunjwa, na siwa ikapulizwa hata mashavu ya wapulizaji yakavimba. Waandishi wa tarehe, yaani historia ya mji, wakaandika kwamba adui alishindwa na ukuta. Ndivyo waandishi walivyo.

Vuli ilipopita, Guyo alirudi peke yake, na kibuyu cha samli badala ya mkuki. Walinzi wakavuta pinde. Shekuwe akawapenya mbio, kilemba kikimwanguka.

"Ameinuka?"

"Ameinuka! Anakama ng'ombe mwenyewe."

Wakakumbatiana pale langoni, watu wakiduwaa. Kisha wakaenda ziarani, Mwana Esha akishika bakuli la masizi.

"Kitanda chake kikoje?" Shekuwe aliuliza.

Guyo aliona haya kidogo. "Sisi hatuna vitanda. Tunalala juu ya ngozi."

Tarehe za Ungwame hazikuitaja siku ile. Ukuta ndio ulioitunza: safu ya vitanda vya miguu minne, na kando ya kile cha Mwana Esha, ngozi moja ya ng'ombe, tupu.