Chumvi ya Huruma

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Germana alipita nyuma ya zahanati ya Karatu kuwahudumia panya. Walikuwa panya weupe kumi na wawili katika matundu mawili, naye alikuwa msichana wa darasa la sita aliyepewa kazi hiyo kwa sababu hakuwaogopa. Tundu la kwanza aliliwekea maji ya chumvi, la pili maji matupu. Daktari Omary alitaka kujua kama chumvi ndiyo inayopandisha shinikizo la damu na kuukuza moyo. Binadamu hapasuliwi kwa majaribio, ndiyo maana akawafuga panya.

"Usiwape kitu kingine," daktari alimwonya Germana. "Hata punje."

Mwaka ule wa 1963 jambo hilo halikuwa la panya tu. Mama yake Germana, Cresensia, alikuwa na presha. Miguu ilimvimba, na akipanda kilima alisimama kila mara, mkono kifuani. Germana aliogopa sana kumpoteza. Na mama huyo, makande yasiyokolea chumvi hakuyagusa!

Sasa, Germana alikuwa mtoto wa mfugaji. Kwao, ng'ombe aliyenyimwa chumvi ni ng'ombe aliyetupwa. Iweje panya sita wapewe, sita watazame? Akajiona ana huruma kuliko daktari. Akawa anachota chumvi kidogo, kidogo tu, na kuikoroga katika maji ya tundu la pili. Haba na haba hujaza kibaba, nayo miezi minne si michache.

Panya wakaanza kuhema. Asubuhi moja Germana alikuta mmoja wa tundu la pili amekufa, kesho yake mwingine. Daktari aliwapasua, pamoja na wawili wa tundu la kwanza, akapima mioyo kwenye mizani ndogo.

"Yote imekuwa mikubwa," alisema mwishowe. "Basi si chumvi. Nilitaka kumkataza mama yako, lakini sina sababu tena. Mwambie ale apendavyo."

Germana angeweza kwenda zake darasani, panya hawasemi. Alifika mlangoni, akageuka.

"Daktari, wote niliwapa chumvi." Machozi yalimtoka. "Niliwaonea huruma. Kwetu mnyama hanyimwi chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Daktari alikasirika, wala hakuficha. Alipiga mstari juu ya maandishi yake ya miezi minne. Siku ya pili alimwita Cresensia, akamkataza chumvi. Kisha akaanza upya na panya wengine, naye Germana akawatunza chini ya jicho lake.

Kufikia Krismasi miguu ya mama ilikuwa imenywea. Mwezi uliofuata daktari alimwonyesha Germana visahani viwili. Kimoja kilikuwa na moyo mdogo wa panya wa maji matupu, kingine moyo mnene wa panya wa chumvi.

"Huruma yako naisamehe, binti yangu," alisema. "Lakini kosa likifichwa, wengine hulifuata wakidhani ni ukweli. Mimi nilikuwa nimeshalifuata. Ukikosea, sema mapema."

Germana aliutazama ule moyo mnene, akajua ungeweza kuwa wa nani.