Mikono Mirefu ya Satini

Kipochi kilinuka kuungua, na pasi haikuwa imewashwa tangu juzi.

Fundi alikigeuza, akakagua bitana. Hakuna alama ya moto. Alikuwa amekishona kwa mabaki: khaki ya sare, kitambaa cha pazia, na katikati miraba ya satini ya kijani. Zipu aliing'oa kwenye suruali kuukuu. Binti yake, waliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alikuwa amekililia siku nyingi.

"Mama, kinanuka nywele za kuungua."

"Kianike, harufu itatoka. Shukuru kwanza, ndiyo unuse."

Ile satini ilikuwa na mwenyewe. Msichana wa mtaa huohuo aliileta akiomba gauni la harusi la mikono mirefu, ifike hadi vifundoni. Alikunja blauzi akaonyesha sababu: maji ya moto yalimmwagikia utotoni, na ngozi ya mikono yote miwili ilikuwa imejikunja. "Mama mkwe hajaiona," alisema.

Kitambaa kilitosha, tena kikabaki. Lakini Fundi alizoea kujimegea kila alipokata, na safari hii alijimegea mikono mizima. Siku ya kukabidhi gauni alisema maneno aliyokuwa akiwaambia wateja wote, macho yakiwa kwenye mkasi: "Kitambaa hakikutosha, mwanangu. Nimekuwekea mikono mifupi, ndiyo fasheni."

Harusi ilikuwa kesho yake. Wakwe waliiona ile mikono mbele za watu, wakacheka, wakanong'ona, wakamrudisha kwao. Mvua zilizofuata hazikumkuta. Fundi alikwenda msibani, akalia kama wengine, akarudi kwenye cherehani. Watoto wanataka kula.

Siku chache baada ya kupewa kipochi, Chiriku alirudi kutoka shuleni kimya. Chiriku, kimya! Fundi alimshika mkono. Juu ya kifundo palikuwa na mraba wa ngozi iliyojikunja, inayong'aa. Asubuhi iliyofuata miraba ilikuwa miwili, imeungana kingo kwa kingo.

"Inauma?"

"Inavuta, mama. Kama mtu anakaza uzi."

Fundi alikitupa kipochi shimo la choo. Aliporudi ndani alikikuta juu ya meza ya cherehani, kikavu, zipu wazi.

Mganga aliyeitwa alikinusa mara moja tu, akakiweka mbali na magoti yake.

"Jini mpita njia ningemfukuza sasa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu simgusi. Huyu ana haki yake, na unaijua."

"Nimpe nini, baba?"

"Fundi ni mimi au wewe? Mshonee."

Mchana huohuo Fundi alifunga mlango, akatoa sandukuni satini iliyosalia. Mkono wa kwanza ulitoka mzima. Wa pili ukawa hauna kitambaa, maana kimekwisha katwa miraba, basi akakifumua kipochi, akaanza kuunga mraba kwa mraba, huku chumba cha pili Chiriku akigugumia na alama zimekwisha pita kiwiko, huku harufu ya kuungua ikizidi mpaka machozi yakamtoka, huku kanyagio la cherehani likienda lenyewe hata alipoinua miguu yake yote miwili kutoka chini, na kila alipounga alijua anachokiona, kwamba kila mshono unakula kitambaa, na hakuna fundi duniani anayeweza kukirudisha kilichokatwa vipande kikawa na urefu wake wa mwanzo.

Aliutandaza. Kifundoni ulipungua upana wa vidole viwili.

Futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake ikaanza kuteleza, taratibu, kama inavutwa.

"Kimetosha, fundi?" Sauti ilikuwa nyuma ya sikio lake, ya upole, ya mteja.

Fundi alifungua kinywa. "Hakikutosha," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anadanganya.

"Basi nitaongezea kwa mtoto."

Chiriku alipiga ukelele.

"Mtoto hakushika mkasi!" Fundi alikunja nguo yake, akaweka mkono juu ya meza. "Kata hapa. Hapa hapa, mwanangu. Pima mwenyewe."

Futi ilimzunguka kifundo. Kisha mkasi ukanyanyuka.

Alipozinduka, mikono ya satini haikuwepo. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, ngozi safi, anaongea bila kituo. Kwenye kifundo cha Fundi palikuwa na utepe wa kovu upana wa vidole viwili, umepindwa kingo zote kwa uzi wa kijani, mshono mzuri kuliko wowote aliowahi kushona.

Sasa Fundi huvaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Mabaki humfungia kila mteja wake, hata uzi. Lakini mazoea ni mazoea, na siku nyingine mteja akiuliza kitambaa chake, ulimi humtangulia: "Hakiku—"

Hapo uzi hukaza.