Kondoo Aliyekataa Kufungika

Kimeli alikuwa mchunaji hodari wa chai. Kila asubuhi yeye na mkewe Rebeccah waliingia shambani kwao Sosiot, umande ukiwa bado juu ya majani. Walichuna mpaka jua likapanda. Kisha Kimeli alibeba majani hadi kituoni, karani akayapima, naye Rebeccah akarudi nyumbani kupika.

Jioni Kimeli alisikiliza redio. Rebeccah alishika kroshia, ile sindano fupi yenye ndoana mdomoni, akafuma vitambaa. Nyumba ilijaa vitambaa. Viti vilikuwa na vitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa. Hata thamosi ya chai ilikuwa na chake.

"Siku moja nitaamka nikute umenifunika na mimi," Kimeli alikuwa akimwambia.

"Wewe ni mkubwa. Uzi hautatosha," Rebeccah alikuwa akijibu.

Mwaka wa 1996, akina mama wa kanisa walimchagua Rebeccah apambe kanisa siku ya Krismasi. Miaka yote kanisa lilipambwa kwa baluni na karatasi za choo zilizosokotwa. Rebeccah alisimama mbele ya watu wote.

"Mwaka huu hakuna karatasi ya choo kanisani," alisema. "Nitafuma nyota za kuning'iniza juu. Nitafuma na wanyama. Kondoo wenye kofia. Ng'ombe wenye skafu. Kuku waliovaa soksi. Ibada ikiisha, kila mtoto wa shule ya Jumapili ataenda nyumbani na mnyama wake."

Watoto walipiga makofi. Lakini Janeffer, mwenyekiti wa akina mama, alikuwa na wasiwasi.

"Peke yako, Rebeccah? Si utafute mtu wa kukusaidia?"

"Sihitaji msaada wa mtu," alisema Rebeccah.

Nyota alizimaliza mapema. Zilikuwa nzuri sana, bapa kama vile vitambaa vyake. Lakini kabla hajaanza wanyama, mvua ilinyesha, na mteremko wa shamba ukateleza. Rebeccah alianguka akiwa na kikapu mgongoni. Mkono wake wa kulia ulivunjika. Hospitalini walimfunga plasta kutoka vidole hadi juu ya kiwiko.

"Ukae nayo mpaka katikati ya Januari," daktari alimwambia.

Krismasi ilikuwa imebaki majuma matatu.

Rebeccah aliketi jikoni akalia. Binti yao mdogo, Winny, alisimama karibu naye.

"Mama, nilishawaambia wenzangu kondoo wangu atakuwa na kofia nyekundu. Bado nitampata?"

Kimeli aliangalia mkewe, akaangalia mtoto. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe hiyo sindano," alisema. "Mikono ya kuchuna chai itashindwa na uzi?"

Ilishindwa.

"Pitisha uzi hapo. Vuta. Sio hivyo!" Rebeccah alisema. "Unavuta kama unakata jani!"

"Ndivyo ninavyojua kuvuta."

"Polepole. Sasa zunguka. Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Vitanzi."

"Vingapi?"

"Ongeza mpaka itoshe."

"Itoshe nini?"

"Itoshe kondoo, Kimeli! Wewe hujui kondoo?"

"Kondoo namjua. Huyu wa uzi ndiye simjui."

Kichwa kilimzunguka. Rebeccah hakuwa anamnyima ujuzi. Alikuwa amejifunza kwa kutazama vidole vya mama yake. Vidole vyake vilijua kila kitu, lakini mdomo wake haukuwahi kuambiwa. Kila alipoulizwa swali, alitaka kuchukua sindano aonyeshe, halafu akakumbuka plasta.

Kimeli alichukua uzi akaenda kujificha kwenye zizi la ng'ombe. Huko hakuna mtu angemwona. Aliketi juu ya ndoo akazunguka na kuongeza, akazunguka na kuongeza. Alingoja kondoo ajifunge awe mviringo. Kondoo hakujifunga. Alizidi kupanuka. Kingo zilianza kujikunja kama kabichi. Kimeli alifikiri hajaongeza vya kutosha, kwa hivyo akaongeza zaidi. Kabichi ikakua.

Alikuwa hajui kama amekosea mwanzo, katikati au mwisho. Angejua alipokosea, angerudi hapo. Lakini kila mahali palifanana.

Mara jirani yake Bethwel akachungulia zizini.

"Kimeli! Nimekutafuta kila mahali. Hiyo ni nini umeshika?"

"Ni... kofia."

"Ya nani?"

Kimeli aliangalia huku na huku. "Ya ng'ombe," alisema.

"Ai! Ng'ombe wako anasikia baridi ya kichwa?"

Bethwel alicheka mpaka akashikilia nguzo. Kesho yake Kimeli alipofika kituoni na majani, wanaume walikuwa wanamngoja.

"Kimeli, soksi za ng'ombe ziko tayari?"

"Nishonee na mimi sweta ya jogoo!"

Kimeli alipimisha majani yake haraka. Alirudi nyumbani amekasirika, akaamua kummaliza kondoo kwa nguvu. Alikusanya zile kingo zote, akazifunga kwa kamba kama mtu anavyofunga gunia la mahindi. Ndani alijaza majani ya chai waliyokausha wenyewe kwa matumizi ya nyumbani. Aliona ni mepesi, na ni mengi. Akampa Winny.

Winny alimning'iniza kondoo kwenye kamba ya nguo ili amtazame vizuri. Alasiri mvua ikanyesha, kama ilivyo kawaida ya huko. Baada ya muda mtoto akaita.

"Baba! Njoo uone! Kondoo anatoa chai!"

Ilikuwa kweli. Matone ya rangi ya chai yalitiririka kutoka chini ya kondoo. Tumbo lake jeupe lilikuwa limegeuka kahawia.

"Ulijaza nini?" Rebeccah aliuliza.

"Majani ya chai."

Rebeccah alianza kucheka. Kisha kicheko kikageuka machozi.

"Jumapili nitasimama niwaambie watoto hakuna kitu," alisema. "Janeffer alete tu karatasi zake za choo."

Kimeli alimtoa kondoo kwenye kamba, akamkamua, akamtia mfukoni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Wilkista."

Wilkista alikuwa mama kutoka upande wa ziwa. Alikuwa na chumba sokoni, ambapo alifuma sweta za shule kwa mashine. Jioni alifundisha wanawake kufuma kwa mkono.

"Usiende!" Rebeccah alisema. "Nilisema mbele ya kanisa kwamba sihitaji msaada."

"Wewe ulisema," Kimeli alijibu. "Mimi sikusema."

Sokoni alingoja nje mpaka wateja wakaondoka. Kisha akaingia, akamweka kondoo juu ya meza.

"Karibu, Baba Winny," alisema Wilkista. Halafu akaona kitu kilichokuwa mezani. "Yawa! Hii ni nini?"

"Ni kondoo."

Wilkista alimgeuza upande huu, akamgeuza upande ule. Alimnusa.

"Mbona ananuka chai?"

Kimeli alimweleza yote, tangu plasta hadi mvua. Wilkista alicheka kweli kweli. Lakini alipomaliza kucheka alivuta kiti.

"Keti, shemeji. Hebu niambie unafanyaje."

"Nazunguka, naongeza. Mama Winny alisema niongeze."

"Unaongeza wapi?"

"Kila mahali."

"Na unaacha lini?"

"Hapo ndipo sielewi. Naona giza tu."

"Sawa. Nyumbani kwenu kuna kibuyu cha mursik?"

Kimeli alishangaa. Alikuja kuuliza habari za kondoo, sasa anaulizwa habari za maziwa ya mgando.

"Kipo."

"Chini kinaanzaje?"

"Kidogo, mviringo."

"Halafu?"

"Kinapanuka."

"Katikati?"

"Kinapanda sawa. Hakipanuki tena."

"Na juu?"

"Kinarudi kuwa chembamba. Hapo ni shingo."

"Basi kondoo ni kibuyu," alisema Wilkista. "Mwanzoni unaongeza, apanuke. Akitosha unaacha kuongeza, unazunguka tu, apande. Mwisho unapunguza, afunge. Mama Winny amezoea vitambaa. Kitambaa kinalala mezani, kwa hivyo kila mzunguko lazima kiongezwe kidogo. Mnyama hatakiwi kulala."

Kimeli aliinua mkono. Alichora kibuyu hewani kwa kidole.

"Na mbona wangu akawa kabichi?"

"Uliongeza katika kila kitanzi, kila mzunguko. Vitanzi vikakosa mahali pa kukaa, vikajikunja. Sasa tazama. Anza na vitanzi sita. Mzunguko wa pili, fuma mara mbili katika kila kitanzi. Mzunguko wa tatu, kimoja fuma mara mbili, kinachofuata mara moja. Kila mzunguko, mahali pa kuongeza panakuwa mbali zaidi. Ukiona kingo zinajikunja, umeongeza sana. Ukiona anajikunja kama bakuli kabla ya wakati, umeongeza kidogo mno."

"Na kupunguza?"

"Unashika vitanzi viwili, unavifuma pamoja viwe kimoja."

"Nitajuaje mzunguko umeisha? Yote inafanana."

Wilkista alikata kipande cha uzi mwekundu, akakifunga kwenye kitanzi cha kwanza cha mzunguko.

"Ukifika hapa, umemaliza. Kihamishe, uanze mwingine."

Kimeli alianza kufuma. Sindano ilikataa kuingia.

"Unakaza," Wilkista alisema. "Hapa hatuchuni majani. Legeza mkono. Sindano ikiingia bila kupigana, uko sawa."

Aliendelea kumweleza. Kondoo hujazwa kabla ya kufungwa, tundu likiwa bado linaingia vidole viwili. Hajazwi majani wala maganda ya mahindi, kwa sababu vitu hivyo hushika unyevu, vikaoza na kuleta wadudu. Anajazwa mabaki ya uzi, au nguo kuukuu iliyofuliwa, ikakauka, ikakatwa vipande vidogo.

"Na macho nitaweka vifungo," Kimeli alisema.

"Hapana. Mtoto mdogo atang'oa kifungo, ameze, kimkabe. Macho unashona kwa uzi. Sasa mfumue huyu."

"Wote? Kazi yangu yote?"

"Wote. Uzi haujafa. Uoshe uutumie tena. Hiyo rangi ya chai haitatoka, kwa hivyo huo utakuwa uzi wa ng'ombe."

Nyumbani Rebeccah alikuwa amenuna. Kimeli hakwenda zizini. Aliketi pale pale sebuleni, mlango wazi, akaanza upya. Alikuwa akisema kwa sauti kila alichofanya.

"Naongeza hapa. Hapa siongezi. Naongeza hapa."

Rebeccah alikuwa ametazama ukutani. Baadaye aligeuza shingo kidogo.

"Hapo umeruka kitanzi," alisema.

Kimeli alirudi nyuma. Kweli, aliruka. Kondoo alipanuka, akapanda, kisha akaanza kufunga polepole kama mdomo wa kibuyu. Rebeccah alisogeza kiti. Alimshika kondoo kwa mkono wa kushoto, akapapasa mahali palipopunguzwa.

"Kumbe ndivyo ninavyofanya," alisema. "Na sikujua."

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Rebeccah alibuni, na Kimeli alifuma. Rebeccah alitaka kuku wenye soksi za mistari, kondoo mwenye masikio marefu kama sungura, na ng'ombe mwenye mkia wa zambarau. Kimeli aliuliza ni nani aliyewahi kuona mkia wa zambarau.

"Watoto wataona," alijibiwa.

Winny alikata nguo kuukuu kwa ajili ya kujaza. Jumamosi Wilkista alifika na kroshia yake. Rebeccah alimpokea mlangoni akiwa ameinamisha macho.

"Mama, nilijivuna. Nilisema sihitaji mtu."

"Na mimi nimekuja kunywa chai," Wilkista alisema. "Lakini isiwe ya kukamuliwa kwenye kondoo."

Siku ya Krismasi watu waliingia kanisani wakasimama mlangoni. Nyota zilining'inia juu. Chini yake, kwenye kamba ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, walipangwa wanyama. Wengine walikuwa wamepinda shingo. Mmoja alikuwa na mguu mrefu kuliko mingine. Watoto hawakuangalia mguu. Walinyoosha vidole wakibishana yupi ni wa nani.

Ibada ilipoisha, kila mtoto alipata mnyama wake. Winny alimpata wa kofia nyekundu. Hakuna aliyekosa.

Janeffer alikuja mbele. Aliangalia ile plasta.

"Rebeccah, na mkono huo umefuma hawa wote?"

Kimeli aliangalia sakafu. Wanaume walikuwa nyuma yake, na Bethwel alikuwa mbele yao. Aliomba kimoyomoyo mkewe aseme ndiyo, mambo yaishe.

"Nilifuma nyota tu," Rebeccah alisema, kwa sauti ya kusikika kanisa zima. "Wanyama wamefumwa na Baba Winny. Wilkista wa sokoni alimfundisha, akatusaidia. Nilisema sihitaji msaada. Nilikosea."

Wanaume waliangua kicheko. Bethwel alipiga mluzi. Lakini akina mama hawakucheka. Walimzunguka Kimeli kila upande wakiwa na wanyama mikononi.

"Hapa shingoni umefungaje?"

"Mbona yangu hujikunja kila mara?"

"Soksi ulianzia wapi?"

Kimeli alimgeuza kuku mmoja juu chini. Mwanzoni alinong'ona. Kisha sauti ikapanda. Alieleza mahali pa kuongeza, mahali pa kuacha, mahali pa kupunguza. Alieleza uzi mwekundu ni wa nini. Alipoona uso umekunjana, alirudia. Watu wakaanza kutawanyika. Jua likapanda. Rebeccah alimngoja langoni, kisha akarudi kumwita.

"Baba Winny, twende. Wageni wako nyumbani na chakula kinapoa."

"Tangulia," Kimeli alisema bila kugeuka. "Huyu mama bado hajaelewa."