Vidole Tisa

Asubuhi ile mnyororo wa msumeno ulikuwa na joto. Si joto la jua, maana stoo haina dirisha. Lilikuwa joto la kazi, la kitu kilichokuwa kikikata muda huo huo. Na betri ilikuwa mfukoni mwa aproni ya Mama Betri tangu jana.

"Baba watoto, hebu gusa hapa."

Mumewe, fundi wa kukata miti, akagusa, akanusa vidole. "Unanuka utomvu," akasema. "Utomvu na nywele zilizoungua."

"Na betri ninayo mimi."

"Usinitishe asubuhi asubuhi, bosi." Akacheka, lakini mkono aliufuta kwenye suruali mara tatu.

Kosa walilijua, ila hakuna aliyetaka kulitaja. Wiki iliyopita msumeno ulibanwa ndani ya shina la mti mkubwa, nyuma ya nyumba isiyokaliwa na mtu. Fundi mwenye akili anatoa betri, anagonga kabari, anauchomoa msumeno wake. Wao walikuwa hoi. Wakatoa betri tu, wakauacha umebanwa humo hadi kesho yake. Waliporudi kuuchomoa, mti ukatoa sauti ya mtu anayeamshwa, nao wakaondoka mbio na msumeno wao bila kumaliza kuukata. Ujinga mtupu! Unalaza meno yako ya chuma ndani ya mti usioujua, halafu unashangaa kurudi nyumbani na mgeni?

Karakana, hata hivyo, ilikuwa na sheria. Ukuta mfupi wa bati uliigawa, na msumeno ulifungwa mezani, umepita kwenye tundu la ukuta huo. Bamba linaloshika mnyororo, na mnyororo wenyewe, vilikaa upande wa mume. Kitako, panapoingia betri, kilitokeza upande wa mke, penye chaja, mbali na vumbi na mafuta. Mume akimaliza kunoa, kukaza mnyororo na kuujazia mafuta, aliita, "Betri!" Mke akauliza, "Mikono?" Mume akainua yote miwili juu ya bati, mke akahesabu vidole tisa, ndipo akachomeka. Cha kumi kiliondoka miaka mingi nyuma, siku mtu alipochomeka betri bila kuuliza. Mtu huyo alikuwa Mama Betri mwenyewe, na hajajisamehe mpaka leo.

Mchana tupa ya kunolea ilikuwa ikikwaruza mnyororo, kri, kri, kri.

"Betri!"

"Mikono?"

Mikono miwili ikapanda juu ya bati. Mama Betri alikuwa na haraka, betri imeshagusa kitako cha msumeno, akihesabu kwa mazoea tu, saba, nane, tisa, kumi, na ndipo alipoivuta betri nyuma, kwa sababu huku mikono ile ikiwa juu imetulia, tupa kule ng'ambo ilikuwa bado inakwaruza, kri, kri, kri.

"Nipe betri, mke wangu," sauti ya mumewe ikasema. Kazini hakuwahi kumwita hivyo.

"Sikupi," akanong'ona.

"Mbona siku ile hukuuliza?"

Mnyororo ukatetemeka mezani. Tupa ikanyamaza. "Unaongea na nani huko?" mumewe akauliza.

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mkali asiye na salamu ndefu. Aliunusa msumeno, akautemea mate. "Hiki si chombo tena, ni nyumba ya jini. Aliyekiacha mtini akirudishe mtini, kwenye ufa ule ule, aondoke bila kugeuka. Peke yake."

"Nitamsindikiza," Mama Betri akasema.

"Ukienda, litapanda mgongoni kwako."

Mume akaondoka na msumeno begani. Mama Betri alikaa mlangoni akitazama njia. Kabla ya jua kuzama akamwona anarudi, helmeti kichwani, glavu mikononi, anapiga mluzi.

"Limekwisha, bosi. Limebaki huko huko."

Alilia kwa furaha, akamkumbatia hadi helmeti ikamgonga. Mume akacheka, akasema anataka kuunoa msumeno wa akiba, kesho kuna kazi. Akaufunga mezani, akapita upande wake wa bati.

"Betri!"

Mama Betri akafuta machozi. "Mikono?"

Glavu mbili zikaanguka sakafuni, kisha mikono mitupu ikapanda juu ya bati, naye akaanza kuhesabu akiwa bado anatabasamu, akamaliza, akaanza upya kutoka kushoto, polepole, akitaja kila kidole kwa sauti ili asikosee, akiomba moyoni akosee, na harufu ya utomvu na nywele zilizoungua ikamjia kupitia tundu, na mara zote mbili hesabu ikaishia kumi.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Pale pale mlipouacha msumeno," sauti ikajibu kwa upole. "Amebanwa. Nipe betri, bosi."